Gari Zuri ni Lile Linalofukuzika

Tangu picha za magari ya Formula 1 ya 2026 zianze kuzagaa kwenye simu zetu, ubishi wa mashabiki wachache tulioko hapa Mtwara umekuwa mmoja: la nani limependeza? Pua ya huyu, rangi ya yule. Kwangu mimi bodi ya gari la mashindano inahukumiwa kwa nyuma, kwa upepo inaomwachia anayefuata.

Aliyepakiwa kwenye bodaboda barabara ya Lindi, mbele kukiwa na lori la saruji, anaujua upepo huo. Mkilikaribia, pikipiki inakuwa nyepesi kwa sababu lori limewakinga. Mkisogea zaidi ili mlipite, mnaanza kutikiswa. Shati linapigapiga, usukani unacheza, dereva anapunguza mwendo bila kupenda.

Kwenye Formula 1 hasara ni kubwa zaidi, maana mabawa na sakafu ya gari hutumia upepo kulikandamiza chini lishike barabara kwenye kona. Upepo ukifika umevurugwa, mgandamizo unapungua, gari linateleza, matairi yanachemka. Dereva mwenye kasi kuliko wa mbele yake anabaki kumsindikiza.

Kanuni za 2022 zilikuja kutibu hilo. FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio hizo, ilisema gari la zamani likiwa mita 20 nyuma ya jingine lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo, na jipya lingepoteza asilimia 4 tu. Mwanzoni tuliona madereva wakifukuzana kweli. Kisha wahandisi wakafanya kazi yao: kila msimu walichonga mabawa ya mbele na kingo za sakafu ili kuusukuma upepo nje ya magurudumu. Gari lao likapata kasi, wa nyuma akarudishiwa upepo ule ule uliovurugwa. Siwalaumu wahandisi, wanalipwa kushinda. Nawalaumu walioandika kanuni, wakaona mianya na kuiacha.

Ndiyo maana magari haya mapya ya 2026 nayaunga mkono. Yamepungua upana kwa sentimita 10, na uzito wa chini unaoruhusiwa umeshuka kwa takriban kilo 30 hadi 768. Sakafu zile zenye mifereji mirefu, zilizofanya magari yadundedunde mwaka 2022, zimeondoka. Mbele ya ubavu kuna vibao vya kuurudisha ndani upepo wa magurudumu ya mbele. Na mabawa ya mbele na nyuma yote yanalala kwenye sehemu zilizonyooka kupunguza ukinzani, kisha yanasimama kabla ya kona. DRS, mfumo wa zamani wa kupunguza ukinzani uliokuwapo tangu 2011, ilifungua bawa la nyuma peke yake, tena kwenye mbio kwa aliye ndani ya sekunde moja tu nyuma ya gari la mbele. Sasa kila dereva anayo ruhusa hiyo. Kupita gari la mbele kwa kubonyeza kitufe hakukuwahi kunifurahisha, nilikuwa naona kama mtu kafunguliwa mlango.

Lakini wahandisi ni wale wale, na vibao vile watavichonga mpaka vifanye kinyume cha vilivyokusudiwa. FIA iupime upepo wa nyuma wa kila gari kila msimu na kuyatangaza matokeo hadharani. Umbo litakaloonekana limechongwa kumharibia anayefuata lipigwe marufuku mwaka unaofuata, liwe la timu ndogo au la Ferrari, ninayoishabikia.