Mac Mgonjwa

Faili la .env, linalotunza siri za mfumo kama nywila, linaanza na nukta, na kwenye Linux kitu kikianza na nukta hujificha. Hilo nalijua miaka yote. Ijumaa ile nikahamisha mfumo wa saccos moja kwenda seva mpya kwa amri ya kunakili, cp -r, na kinyota chake. Kinyota kikabeba kila kitu, kikaviacha vilivyojificha.

Seva mpya ikalalamika haina ufunguo wa usimbaji, ule wa kuifunga data isisomeke na wengine. Badala ya kujiuliza ule wa zamani uko wapi, nikanakili faili la mfano, .env.example, nikajaza nywila ya hifadhidata, nikapiga php artisan key:generate, inayotunga ufunguo mpya. Laravel, fremu ya PHP iliyobeba mfumo huu, ikijua iko kwa wateja na ikikuta ufunguo upo tayari, huuliza kwanza kama una uhakika. Faili la mfano linasema "local" na halina ufunguo, kwa hiyo haikuuliza kitu. Nikamalizia na config:cache, mfumo uwe mwepesi. Ukurasa ukafunguka, nikaenda kuagiza chipsi mayai.

Hata tomato sijamimina, mhazini huyo kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu Mac ni nani?"

"Mac yupi, mama?"

"Kila nikifungua mwanachama panaandika 'The MAC is invalid'. Nimetazama kamusi ya mjukuu wangu, invalid ni mgonjwa asiyejiweza. Kalazwa wapi?"

Faili la mfano huwa limewasha na debug, ndiyo maana mama wa watu alikuwa anasoma matumbo ya programu yangu. MAC ni muhuri unaopigwa kwenye kila data iliyosimbwa. Ufunguo ukiwa mwingine, muhuri haukubali. Namba za NIDA za wanachama wote zilifungwa kwa ufunguo wa zamani, nami nimeshika mpya. Mwenye akili zake angeliona hilo palepale. Mimi nikaliona neno Container kwenye orodha ya makosa, ndefu kama foleni ya mwendokasi, nikasema mchawi ndiye huyu.

Kontena ndiyo sehemu ya Laravel inayokuletea vipande vya programu, ni kama mama ntilie: unakaa, unataja unachotaka, sahani inakuja, jikoni kapika nani hujui. Nikashikilia kwamba ananiletea msimbaji siye. Nikabadili bind kuwa singleton, yaani sahani moja kwa wote badala ya mpya kila ukiagiza. Nikairudisha. Nikaandika upya provaida, faili linaloipa kontena maelekezo, na ilipendeza kweli, haikusaidia chochote. Chipsi zikapoa zikawa kama mpira.

Saa nne usiku ndipo akili ikarudi. Seva ya zamani ilikuwa hai, ila kodi yake inaisha usiku uleule. Nikaingia nahema, nikachukua APP_KEY, ule ufunguo wa zamani, nikaibandika kwenye mpya. Mac mgonjwa. Nikabandika tena, tangu base64 hadi alama ya usawa ya mwisho. Mgonjwa vilevile. Kumbe ile config:cache! Ukishaipiga, Laravel haina habari tena na .env, inasoma nakala iliyogandishwa. Nikapiga config:clear, namba za NIDA zikatokea zote.

Zote, kasoro mwanachama mmoja ambaye mama alimwandikisha jioni hiyohiyo kwa ufunguo wangu mpya. Kwa bahati tuko toleo la 11, lina APP_PREVIOUS_KEYS, mahali pa kuweka funguo zilizostaafu. Nikautupia humo, naye akasomeka.

Nikampigia mama. "Mac kapona."

"Alhamdulillahi! Nakurushia elfu tano, umnunulie matunda."

Chipsi mayai nyingine zilikuwa 3,000. Chenji ya Mac ninayo.