Jogoo Ameliwa na Mwalimu

Hapa Lurambi, Kakamega, mvua ya Aprili husubiri alasiri, kwa hivyo asubuhi za likizo mimi hukaa na watoto wa majirani nje ya nyumba, ubao umeegemezwa kwenye ukuta wa mabati unaotazama njia. Najua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Sisi huita mazungumzo. Wazazi hulipia mazungumzo hayo kila Ijumaa.

Siku hiyo tulizungumza kuhusu kauli ya kutenda na ya kutendwa katika Kiingereza, mambo ambayo watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, huyajua vizuri: unapewa sentensi, unaambiwa uiandike upya, na ole wako maana ibadilike. Nikawaomba wanipe mtenda, kitenzi na mtendwa. Kijana mmoja akapendekeza "sleep". Nikamkatalia, maana anayelala hamlali mtu, hivyo hakuna wa kupandishwa mbele ya sentensi. Wakanong'onezana, kisha wakanipa "teacher", "eat" na "chicken". Kwetu Waluhya, mtoto akiachiwa achague cha kuliwa, atachagua nini kingine?

Nikaandika "The teacher eats the chicken", na chini yake "The chicken is eaten by the teacher". Kisha nikateremka na nyakati: "is being eaten", "has been eaten", "was eaten", "was being eaten", "had been eaten", "will be eaten", hadi "will have been eaten", na kila mstari ukaishia "by the teacher". Ubao ulijaa. Nikawaacha wanakili, nikaingia jikoni kutafuta chai.

Sasa, jirani yangu alikuwa amepotelewa na jogoo tangu siku ya soko. Alipita njiani, akasoma ubao huku midomo ikicheza, akaupiga picha na simu, akaenda zake bila salamu. Nilipotoka na kikombe, alikuwa amerudi na mzee wetu wa Nyumba Kumi, karani mstaafu anayetembea na fimbo na kalamu mbili mfukoni. Nikajua ni ile sheria ya tuisheni. Nikaanza kujitetea kwamba haya ni mazungumzo tu.

"Mazungumzo ya kumla nani?" jirani akauliza.

Mzee akavaa miwani, akawatafsiria watu waliokwisha kukusanyika. "Hapa anasema kuku analiwa sasa hivi, tukiwa tumesimama. Hapa, ameshaliwa. Hapa, alikuwa ameshaliwa hata kabla ya jambo lingine kutokea. Na huku chini ni mpango: atakuwa ameshaliwa."

"Mzee, yule mmoja ataliwaje tena ikiwa ameshaliwa?" nikasema, nikidhani nimeshinda kesi.

"Ndiyo maana nimekuja mapema," jirani akajibu. "Nina mitetea minne imebaki."

Nikachukua chaki nieleze. Angalieni, nikasema, "eaten" haibadiliki toka juu hadi chini. Kinachobeba wakati ni kile kitenzi kisaidizi, "is", "was", "has been", "will be". Mzee akaitikia kwa kichwa, akafurahi kabisa.

"Kwa hivyo saa ndiyo inayobadilika. Kuliwa kuko pale pale."

Umati ukaguna. Hakuna ualimu unaokuandaa kwa mwanafunzi anayeelewa somo wakati kama huo.

Ndipo mtoto wa huyo huyo jirani, kijana mkimya wa kidato cha tatu, akainua mkono. "The chicken was sold," akasema.

Nusura nimpigie makofi. Wakati uliopita, kitenzi kisaidizi mahali pake, na mtenda ameachwa nje bila sentensi kuyumba. Hiyo ndiyo kauli wanayoipenda waweka hazina wa vyama: fedha zilitumika, risiti zilipotea, na hakuna mtu hata mmoja ndani ya sentensi.

Lakini mzee alikuwa na fimbo. "Iweke katika kauli ya kutenda."

Kijana akatazama chini. Ukirudi kwenye kauli ya kutenda, kiti cha mbele lazima kikaliwe na mtu. Jasho likamtoka. Akalitazama ua, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya kuungama kanisani: "My mother sold the chicken."

"Nilimuuza sokoni Khayega!" mama yake akajibu kutoka upande wa pili wa ua, sufuria mkononi. "Baba watoto, ulisema kijana asome mazungumzo. Pesa za mwalimu ulidhani zinaota wapi?"

Kimya. Mzee akanigeukia taratibu. Akaniomba chaki, akautazama ubao mstari kwa mstari, akaweka alama ya sahihi mbele ya "The chicken has been eaten by the teacher".

"Hii ni kweli," akasema.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Jirani peke yake hakucheka. Alisogeza watoto kwenye benchi, akaketi mbele kabisa, akaiweka kofia yake gotini.

"Basi mimi nimeshalipa," akasema. "Mwalimu, endelea."