Mzio mkali wa dawa: virusi ndio chanzo au wamedandia tu?

Mgonjwa wa kifafa anaanzishiwa kabamazepini. Wiki tatu zinapita salama. Ya nne homa inapanda, uso unavimba, upele unatapakaa mwili mzima, na vipimo vya ini vinakuja vibaya. Wa kwanza kushukiwa ni malaria. Nani angeishuku dawa aliyoimeza karibu mwezi mzima bila shida? Kumbe DRESS (kifupisho cha Kiingereza), mzio mkali wa dawa unaokadiriwa kuua hadi mgonjwa 1 kati ya 10, ndivyo unavyokuja: wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza dawa. Alopurinoli ya gauti, dawa za salfa na nevirapini ya VVU nazo huuleta.

Tangu miaka ya 1990 imeonekana kwamba ndani ya wengi wa wagonjwa hawa huamka virusi vya herpesi aina ya 6, ambavyo karibu kila mtu huambukizwa utotoni na kubaki navyo vikiwa vimelala. Japani imeingiza kuamka huko katika vigezo vyake vya kuutambua ugonjwa. Vigezo vya RegiSCAR, kundi la watafiti wa mzio wa dawa la Ulaya, havihesabu kuamka huko.

Wanaovishuku virusi wana hoja nzito. Ugonjwa unaweza kurudi wiki kadhaa baada ya dawa kuachwa. Mwaka 2010 watafiti Wafaransa walikuta seli za kinga za wagonjwa zikiwa zimeelekezwa kupambana na virusi vya Epstein-Barr, ndugu wa aina ya 6. Ila virusi vya aina ya 6 kwa kawaida huonekana kwenye damu wiki 2 au 3 baada ya dalili kuanza, na anayefika moto ukishawaka hawezi kuwa ndiye aliyeuwasha. Isitoshe, urithi una nafasi yake: wenye jeni ya HLA-B*58:01 wako hatarini zaidi kwa alopurinoli.

Kwa maoni yangu, dawa ndiyo huanzisha; virusi hueleza kwa nini ugonjwa hauishi upesi. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri kipimo cha virusi, ambacho hospitali nyingi za wilaya hazina, ndipo dawa isimamishwe.

Mvutano huu unauma kweli wakati wa kuchagua dawa mbadala. Fenitoini na fenobabitoni, dawa za kifafa zilizozoeleka kwenye zahanati, zinaweza kuleta mzio uleule. Inabaki valproeti, nayo ya kifafa, lakini ini tayari limeumia, na maabara imeonyesha kwamba dawa hiyo huchochea virusi vya aina ya 6 kuzaliana. Asiyeamini nadharia ya virusi ana sababu moja ya kuiahirisha valproeti: ini. Anayeiamini nadharia hiyo ana mbili.