Feni ya Bafuni na Sauti ya Mama Mkwe
Kwa kuwa rafiki yangu mmoja amekwisha kuwasimulia kwamba juzi nilisikika nikilia chooni mbele ya wakwe, naomba kusahihisha: sikuwa nikilia, bali nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, nimevaa nguo zangu zote, nikifanya mazoezi ya hotuba.

Bafu letu la chumbani halina dirisha, na dari lake lilikwisha kuota madoa meusi ya kuvu. Jipsamu ya dari hilo ina tundu moja tu, la taa; hivyo nilikwenda Kariakoo kutafuta feni ya kutolea hewa yenye taa ndani yake. Muuzaji, ambaye sasa namkumbuka kwa heshima kubwa, alizidisha urefu, upana na kimo cha bafu, akapata mita za ujazo zipatazo 8, akazidisha tena kwa 8 ili hewa yote ibadilike mara 8 kwa saa, akasema kwamba feni ya mita za ujazo 85 kwa saa inatosha na kusaza. Mimi wakati huo nilikuwa nikibonyeza taa ya maonyesho, inayobadilika kutoka nyeupe hadi ya manjano. Alipouliza bomba la hewa la inchi 4 litatokea wapi, nilimjibu, "Juu." Akauliza juu wapi. Nikasema juu tu, kama mtu anayeulizwa njia ya mbinguni.

Fundi naye alilipandisha juu, akaliacha limelala chini ya mabati, akaunganisha taa na mota kwenye swichi moja, na kile kifuniko chepesi kinachojifunga feni inapozimika akakitoa, eti kinagongagonga. Ninyi mliojenga mnajua kwamba juu ya jipsamu hakuna kuta: kilicho juu ya bafu ndicho kilicho juu ya sebule. Na sebuleni kwangu kuna tundu kubwa linalosubiri taa ya mapambo ambayo nimekuwa nikiiahidi tangu tuhamie. Chini ya tundu hilo ndipo lilipo kochi la wageni.

Jumamosi mama mkwe alifika kutoka Tanga. Mahari ilikuwa na salio (wanaume wenzangu, msijifanye hamnielewi), nami nikajifungia bafuni kupanga maneno. Feni ilinguruma vizuri, nikaona hapa hata nikipiga tarumbeta siri yangu imehifadhika. Nikapaza sauti, nikaigiza pande zote mbili, upande wangu kwa unyenyekevu, upande wake kwa kubana pua na kuvuta maneno. Nikafika pale anapokataa. Mkono mmoja niliuweka kiunoni, kidole cha mkono wa pili nikakinyoosha kwenye kioo, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti yake, "Wallahi, mwanangu, mwaka wa tatu huu unanilipa..."

Umeme ukakatika. Taa ilizimika, feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza, na maneno mawili yaliyosalia, ambayo ulimi ulikuwa umekwisha kuyaachia, yakatoka peke yake gizani: "kwa salamu!" Yakapanda bombani, yakatambaa juu ya jipsamu, yakashuka sebuleni juu ya ushungi wa mwenyewe. Nilisikia kijiko kikisimama ndani ya kikombe. Nilimsikia mke wangu akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Kisha, kutoka darini, taratibu kabisa, ikaja sauti halisi:

"Maneno ni yangu, ila mimi sibani pua."

Sikupata jibu lolote isipokuwa kuinua uso kwenye feni na kusema, "Shikamoo, mama." Feni ikaitikia, "Marahaba."

Fundi amerudi, ametoboa ukuta, bomba sasa linatokea nje, kifuniko kipo, swichi ni mbili. Salio nililituma Jumapili kwa simu, bila hotuba. Mama alijibu kwa ujumbe mfupi: "Nimepokea. Salamu nazo zilifika."