Futi 16 au 22? Boti ya Kuvulia katika Ziwa Lenye Upepo

Wavuvi wa maziwa makubwa wamegawanyika kambi mbili katika jambo hili. Kambi moja inasema: nunua boti kubwa kadiri mfuko wako unavyoruhusu, maana ziwa likichafuka hakuna aliyewahi kutamani boti ndogo zaidi. Ya pili inajibu kwamba boti ya futi 16 iliyo majini kila wiki huvua samaki wengi kuliko ya futi 22 inayoshinda chini ya turubai ikingoja watu wa kuishusha. Wote wana hoja. Ila naona wengi wao wanabishania namba isiyo ya kwanza kwa umuhimu.

Tuanze na maji yenyewe. Wimbi hukuzwa na mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na umbali wa maji wazi ulioupita. Hilo la tatu ndilo linalowaponza watu. Ukiondoka kwenye ufuo ambao upepo unatokea nchi kavu, maji ya karibu yametulia kabisa, na kila kilomita unayokwenda mbele mawimbi yanakua bila wewe kushtuka, kwa sababu yanakusukuma kutoka nyuma. Unakuja kuyatambua unapogeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kurudi. Safari ya kwenda ilikuwa mteremko, ya kurudi ni kupanda.

Tena mawimbi ya ziwani ni mafupi. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 3 kwenye maji ya kina lina kama mita 14 kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 10, ambalo bahari kuu hulizoea, lina zaidi ya mita 150. Yote mawili yakiwa na kimo cha mita 1, la baharini hukunyanyua na kukushusha polepole, la ziwani linakupiga. Maji yakiwa ya kina kifupi hali ni mbaya zaidi: Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, lenye kina cha wastani cha mita 19 tu, lina sifa ya kuchafuka haraka. Tanganyika kina chake kinapita mita 1,400, lakini urefu wake wa karibu kilomita 670 unaupa upepo unaofuata mkondo wa bonde nafasi tele ya kulea mawimbi.

Hapo ndipo watetezi wa boti kubwa wanaposhinda hoja. Boti ya mita 4.5 (karibu futi 15) inatumbukia nzima kwenye bonde la wimbi fupi, na omo yake inachimba wimbi linalofuata kabla haijapata kuinuka. Mita 6 (karibu futi 20) haziliondoi tatizo, ila zinalipunguza kiasi cha mtu kuweza kuendelea kushika usukani kwa utulivu. Lakini urefu peke yake haukuokoi. Boti ndefu yenye ubavu mfupi, yaani ukingo ulio karibu na maji, ni hatari kuliko fupi yenye ubavu mrefu, kwa kuwa kinachozamisha ni maji yanayoingia. Sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya mita 6 za mraba ni lita 600, yaani kilo 600, na uzito huo hautulii: unakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Kufua maji kwa ndoo wakati huo ni kazi ya kukata tamaa.

Kanuni za Umoja wa Ulaya za vyombo vya starehe zinalielewa jambo hili. Zinapanga boti katika madaraja manne, A hadi D, kwa kufuata upepo na mawimbi zinayoweza kuhimili. Daraja D linaishia upepo wa nguvu ya 4 katika kipimo cha Beaufort (kinachopanga upepo kuanzia 0, shwari, hadi 12, tufani) na mawimbi ya mita 0.3, yakizidi mara mojamoja ni 0.5. Daraja C linafika nguvu ya 6 na mawimbi ya mita 2. Boti mbili zenye futi 17 kila moja zinaweza kuwa katika madaraja tofauti, na kwa ziwa la wazi ningeiacha ya D hata ikiuzwa nusu bei. Ikumbukwe pia kwamba kimo kinachotajwa ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi mojamoja laweza kukaribia mara mbili ya hapo.

Sasa upande wa pili, na hoja zake si za woga wa gharama tu. Ukiongeza urefu wa boti kwa asilimia 20, na upana na kimo vikafuata kwa uwiano uleule, ujazo wake unaongezeka kwa asilimia 73. Injini, mafuta, trela na gari la kuivuta vyote vinafuata. Kisha kuna kuvua kwenyewe. Ubavu mrefu unakamatwa na upepo, na nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: ule wa kilomita 40 kwa saa unasukuma mara nne ya ule wa 20. Boti kubwa ikizimwa injini inateleza upande, mshipi unalala badala ya kushuka wima, na chambo hakifiki chini. Tumbo la umbo la V kali, linalokata mawimbi vizuri wakati wa mwendo, huyumba ubavu hadi ubavu likisimama. Boti ya chini ya bapa hutulia ikisimama, kisha ikakupasua mgongo njiani.

Hoja yao nyingine ni ya tabia: mwenye boti ndogo huheshimu hali ya hewa, mwenye kubwa hujipa moyo. Naikubali nusu. Asubuhi, kwenye uamuzi wa kutoka au kubaki, boti ndogo kweli hufunza adabu. Mchana, upepo unapogeuka ukiwa umeshatoka, adabu hiyo haikusaidii kitu. Unabaki na boti uliyonayo.

Kwa hiyo mimi ningepima kwa safari ya kurudi. Chukua kilomita 12. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 24. Mawimbi yakikulazimisha kushuka hadi 8, ni saa moja na nusu ya kupigwa na maji, na hesabu yako ya mafuta imeshavurugika. Anayevua na mwenzake mmoja kilomita 2 au 3 kutoka ufuoni, penye ghuba na visiwa vya kukimbilia, futi 16 zenye ubavu mrefu zinamtosha, na wanaomcheka wamcheke. Anayekata maji wazi aanzie futi 18 hadi 20, upana usipungue mita 2.2. Futi 22 ni za mwenye watu wa kumsaidia na mahali pa kuifunga boti majini. Bila hivyo ataitumia mara chache mno.

Na ukilazimika kuchagua kati ya futi 2 za ziada na injini ndogo ya akiba, ningechukua injini. Chombo kisicho na nguvu hugeuka kikaelekeza ubavu kwenye mawimbi, na boti ya futi 20 haivutwi kwa makasia dhidi ya upepo mkali. Nanga ya kawaida nayo haina faida mahali ambapo kina kinazidi kamba. Ndiyo maana nanga ya kuelea, ule mfuko wa turubai unaofungwa kwenye omo ili ikabili mawimbi, iwe ndani ya boti ya ukubwa wowote. Siku za kawaida ndiyo itakayopunguza kuteleza kwa boti ili mshipi ushuke wima.