Huku Marekani uzee wa gari umenipa punguzo, Ujiji umemuongezea mdogo wangu kodi

Juzi mdogo wangu kanitumia picha WhatsApp kutoka Ujiji, Kigoma, makadirio ya kodi ya kuingiza Toyota IST ya 2006 anayotaka kupigia teksi Mwanga mpaka Mwandiga. Nikaikuza picha kwa vidole nikawa nasoma mstari mmoja mmoja, ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, halafu kodi ya uchakavu 30% kwa sababu gari limepita miaka 10. Nikaweka simu chini. Jioni nikashuka kwenye gari langu nikatoa karatasi ya manunuzi ya 2024, maana nilikua nataka nihakikishe ninachokikumbuka.

Gari lenyewe Chevrolet Bolt, la umeme, mtumba, dola 13,000. Muuzaji alikata 3,900 palepale mezani kabla sijasaini nikabaki na 9,100. Sheria ya Marekani ya 2022 ndo ilisema hivyo, gari la umeme lililotumika unapata punguzo la kodi la asilimia 30 ya bei, isizidi dola 4,000, jipya mpaka 7,500, na toka Januari 2024 ukawa unaweza kumuachia muuzaji hilo punguzo akutolee kwenye bei, husubiri mpaka mwakani ujaze ritani ya kodi. Masharti yalikuwepo, bei isizidi 25,000, kipato kama hujaoa isizidi 75,000 kwa mwaka, na hapa naomba msome taratibu, toleo la gari lazima liwe la miaka 2 nyuma au zaidi. Yani likiwa jipya hiyo ya mtumba hupati. Wametengeneza kitu makusudi kwa ajili ya mtu asiyeweza kununua jipya!

Sasa najua mtanijia, oo umeenda juzi tu ushaanza kutudharau. Simdharau mtu. Nimezaliwa Ujiji, mama yuko kule, mwisho wa reli ni kwetu na nakupenda. Ndo maana inaniuma. Mwingine atasema uchakavu umewekwa ili nchi isijae magari makuukuu yanayotoa moshi. Sawa kaka, hoja naielewa, ila niambie huyo dereva wa Mwandiga gari la miaka mitatu atalinunua na nini? Ukimuongezea 30% hanunui jipya, ananunua kuukuu hilohilo ila anabaki na deni, anaahirisha matairi, anaahirisha breki. Moshi uko palepale na mkewe hana mtaji wa kuuza samaki, migebuka.

Na msiniambie umeme hatuna. Ule wa majenereta tunaujua wote, ila saivi gridi imefika na bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Mafuta ndo yanatumaliza, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei kikomo zikitoka sisi huwa tuko kule juu, lori limetoka Dar limepita Tabora mpaka lifike. Kama kuna mkoa ungefaidika na bajaji na teksi za umeme ni huu. Punguzeni basi hata hicho cha uchakavu kwa gari la umeme la mtumba, mtu wa kawaida aone njia.

Sisemi Marekani malaika. Punguzo lenyewe wamelifuta, sheria imesainiwa Julai 4, 2025, na Septemba 30 mwaka huohuo ikawa mwisho. Jamaa wa Kasulu tunayefanya naye kazi alikua anajichanga, akachelewa wiki mbili, gari lilelile kalipa bei kamili. Nilimuonea huruma sana. Ila hata yeye alitozwa bei ya gari basi, hakuna aliyemwambia aongeze hela kwa sababu gari limezeeka.

Mdogo wangu nimemtumia dola 500 jana za kuongezea kwenye huo uchakavu. Ameshukuru, akaniuliza hivi kaka lile lako kweli walikupunguzia? Nikampigia picha ile karatasi, nikazungushia ile 3,900 kwa peni, nikamtumia.