Kilo ya Papa

Mimi sina ugomvi na mtu hapa Lamu. Nataka leseni ya redio ya ridhaa, basi, nikae darini kwangu Langoni niseme na watu wa mbali. Lakini mtaa umenikalia kikao kama niliyetangaza kuoa mke wa tatu.

Swali ni lile lile, kuanzia barazani hadi Mkunguni: "Kwani simu yako imekufa?" Haijafa! Ila simu yataka bando, yataka mnara, na mnara ukizimika nyote mwabaki kujitazama ndani yake kama kioo. Redio hii yataka betri, waya wa antena na anga la Mungu. Nikisema hivyo wananyamaza, wanatupiana macho. Wameshaamua mimi ni mpelelezi; wanachobishania ni wa nchi gani.

Na huo waya sasa! Masafa ninayoyataka huitwa ya mita 40. Nikaenda dukani nikaagiza waya wa mita 20. Mwanangu akaniumbua mbele za watu: "Baba, si ulisema 40?" Nikaanza kueleza kwamba wimbi ni mita 40 na ushei, waya ni nusu yake, nao hukatwa katikati kila mkono upate mita 10. Ami yangu, nahodha mstaafu, akanikatiza: "Sema pima kumi na moja, watu wakuelewe."

Haya, pima kumi na moja. Nyumba yangu haifiki pima saba! Waya lazima uvuke kichochoro hadi darini kwa Bi Mkubwa, naye amekubali kwa sharti moja: nimwambie mwanawe aliyeko Muscat alete pesa. Nikamwambia, bibi yangu, redio hii hairuhusiwi mambo ya biashara wala pesa. Akanitazama juu hadi chini. "Basi ni ya nini?"

Mtihani wa leseni nao. Hesabu za volti na ampea sizihofu, nimechomelea redio za watu tangu sijaota ndevu. Kilichonitoa jasho ni herufi. Hewani husemi herufi tupu, itapotea kwenye makelele. Kila moja ina jina lake. K ni Kilo, L ni Lima, P ni Papa. Jioni moja nikapanda juu kufanya mazoezi kwa sauti: "Kilo! Papa! Kilo! Papa!" Mara hodi mlangoni. Mtoto wa jirani, na bakuli mkononi: "Mama auliza, kilo ya papa pesa ngapi?"

Halafu kuna kuagana. Wenzetu wakimaliza mazungumzo husema "73", yaani salamu njema. Namba mbili! Hapa kwetu hujamaliza kuulizia watoto, mbuzi na goti la bibi, chai imepoa.

Mama watoto ana lake: kwa nini ni usiku tu? Nikamweleza kwamba mchana lile tabaka la chini la anga ya juu inayochajiwa umeme na jua humeza mawimbi ya megahezi 7, ndiyo hayo ya mita 40, jua likitua linatoweka, sauti zinafika mbali. Alinisikiliza kwa subira ya mwanamke aliyekwisha sikia kila udhuru wa usiku.

Lakini linaloniuma ni moja. Kwa sasa nasikiliza tu, sina ruhusa ya kurusha. Juzi usiku nikamnasa Mtaliano anaita, "CQ, CQ, CQ." Hiyo ndiyo hodi yao, kwa yeyote aliye nyumbani. Mimi Mwamu, nimelelewa kwamba mtu akipiga hodi, hata kama ndani mna kikombe kimoja, waitika karibu. Jamaa akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka, nami nimekaa kimya kama mdaiwa nyuma ya mlango, kwa sababu kuitika bila leseni ni kuvunja sheria.

Mara, chini: "Hodi!"

Nikaitika "Karibuuu!" mpaka punda wa kichochoroni wakashtuka.

Ni yule mtoto na bakuli lake. "Mama asema kama papa hakuna, hata nguru si mbaya."